Goli Uani, Chumvi Hewani: Mwongozo kwa Mwenye Nyumba wa Pwani

Kabla hujanunua mpira, kabla hujachagua rangi, kabla hujamtangazia shemeji kwamba nyumbani kwako kutakuwa na uwanja wa kikapu, chota maji ya kisima chako kwenye kikombe uyaonje. Yakikukunja uso, yasiingie kwenye zege. Naanzia hapo kwa makusudi. Viwanja vya nyumbani vinavyobomoka kati ya Bagamoyo na Kigamboni vinauawa na chumvi, na wenyewe hupenda kuusingizia upepo wa bahari. Upepo una kosa lake, nitaufikia. Lakini chumvi nyingi huingizwa na mwenye nyumba mwenyewe, kwa ndoo, siku ya kumwaga jamvi, huku amevaa jezi ya Lakers na anapigwa picha.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye ua wa kutosha, watoto wenye nguvu nyingi, na nyumba iliyo karibu na bahari kiasi kwamba bawaba za madirisha zinalia na komeo la geti limeshabadilishwa. Nitawacheka watu kadhaa humu, mafundi na wenye nyumba kwa zamu. Vipimo, hata hivyo, ni vya kufuata.

Ukubwa

Uwanja kamili wa FIBA una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Hizo ni mita za mraba 420. Kiwanja cha ishirini kwa ishirini, ambacho wengi waliuziwa huko Bunju na Kigamboni, kina mita za mraba 400. Kwa hiyo hata ukivunja nyumba, choo cha nje na banda la kuku, ukahamia kwa wakwe, uwanja kamili bado haukuenei. Achana nao. Mchezo wa watatu kwa watatu, ulioingia Olimpiki kwa mara ya kwanza kule Tokyo mwaka 2021, huchezwa kwenye goli moja katika eneo la mita 15 kwa 11, na familia inaweza kushuka zaidi ya hapo: upana wa mita 10, urefu wa mita 9. Kitovu cha pete kinakaa mita 1.575 ndani ya mstari wa mwisho, na mstari wa pointi tatu uko mita 6.75 kutoka kitovu hicho. Jumla ni mita 8.325. Ukiwa na mita 9, binti yako atarusha pointi tatu za kweli akiwa mbele ya goli. Za pembeni atazikosa, maana hizo zinadai upana wa zaidi ya mita 13, na huko pembeni ndiko liliko shimo la choo.

Pete ikae mita 3.05 juu ya sakafu. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam aliyechaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA mwaka 2009, ana urefu wa zaidi ya mita 2.2, na wala yeye hakushushiwa. Baba wa makamo anayetaka pete iwe mita 2.5 ili adanki mbele ya mashemeji anawafundisha wanawe mchezo ambao hawataukuta mahali pengine popote duniani. Kama watoto bado wadogo, nunua goli linalopanda na kushuka, uliinue kadiri wanavyokua.

Goli litazame wapi

Watu hucheza kuanzia saa kumi alasiri, jua likiwa magharibi. Goli likiwekwa magharibi, kila mrushaji anarusha amefumba macho, na mpira unaishia kwenye sufuria ya maandazi. Liwekwe kaskazini au kusini ya uwanja. Mimi huchagua kusini. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua huwa upande wa kaskazini wa anga letu, na humo ndimo ilimo miezi ya ubaridi, yenye raha ya kucheza. Mrushaji anayetazama kusini analiacha nyuma ya bega. Hasara yake ni upepo wa kusi, ambao miezi hiyohiyo humpiga usoni na kuusukuma mpira. Ukuta wa kusini au nyumba yenyewe ikikinga, hasara hiyo imekwisha.

Halafu inua macho. Kukiwa na mnazi juu ya uwanja, ama mnazi uondoke ama uwanja uhame. Nazi haina refa. Mwembe nao unaangusha maembe yanayooza na kuteleza, na mkungu, ambao kila nyumba ya zamani ya pwani inao mmoja, unaangusha majani makubwa, matunda na uchafu wa popo kwa pamoja. Mizizi ya miti mikubwa huinua jamvi. Kaa mbali nayo mita kadhaa, au kubali kivuli chake na ucheze bao.

Jamvi

Hapa ndipo uwanja unapozaliwa au kufa, na hapa ndipo wenye nyumba wengi wanapokwenda kunywa chai. Usiende.

Ondoa udongo wa juu wenye mizizi na majani, mpaka ufike kwenye mchanga safi au udongo mgumu. Jaza kifusi kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka limwagiwe maji kidogo na lishindiliwe kwa kompakta, ile mashine inayotetemesha vikombe kabatini. Fundi anayeshindilia kwa kuruka-ruka na viatu vyake, mlipe nauli. Unguja na Mombasa wengi wana jiwe la matumbawe chini. Hilo ni neema kwa sababu linapitisha maji na halititii, ila lina mashimo na mapango madogo yanayotakiwa kuzibwa kwa zege kabla ya kitu kingine chochote. Juu ya kifusi tandika nailoni nzito ya ujenzi, ili unyevu wa ardhini na chumvi yake visipande.

Sasa mchanga. Uwe wa mtoni au wa machimbo ya bara, ulioletwa na lori na ukalipiwa. Mchanga wa ufukweni ni mweupe, uko karibu, haulipiwi, na utakudai baadaye. Chumvi yake ina kloridi. Nondo ikiwa ndani ya zege zuri hulindwa na alkali ya saruji, inayoijengea utando mwembamba wa kuzuia kutu. Kloridi huutoboa utando huo. Kutu ikianza, inachukua nafasi zaidi ya maradufu ya chuma kilichoizaa, na zege, ambalo halijui kunyumbuka, linapasuka kufuata njia ya nondo. Hapo ndipo unapoona mistari ya kahawia juu ya sakafu na vipande vinavyong'oka. Zaidi ya hayo, ufukwe unaochotwa mchanga huliwa na bahari. Kunduchi wameyaona hayo kwa macho yao.

Kuhusu nondo nina msimamo, na mafundi wengi hawaupendi. Kwa uwanja mdogo uliolala juu ya ardhi iliyoshindiliwa vizuri, nondo si lazima. Kazi yake pale ni kuzishika nyufa zisitanuke, haibebi ghorofa. Kama huna uhakika kwamba wavu wa chuma utakaa mahali pake, wenye sentimita 4 hadi 5 za zege juu yake, basi usiuweke kabisa, na badala yake kata viungo karibu karibu. Wavu unaolala chini juu ya nailoni, kwa sababu vijana waliukanyaga wakipita na toroli, hausaidii chochote, na ule uliochomoza juu ni karamu ya kutu. Ukiamua kuuweka, uinuliwe juu ya vile vijiwe vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, na usimamie mwenyewe visiliwe na toroli.

Hesabu ya vifaa ni hii. Uwanja wa mita 10 kwa 9, wenye unene wa sentimita 10, ni mita za ujazo 9 za zege. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu, utatumia mifuko sabini na kitu ya kilo 50. Kokoto ngumu za Lugoba ni bora kuliko kokoto za chokaa zinazopondwa karibu na bahari, kwa kuwa hizo za chokaa hunywa maji na nyingine ni laini. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na ndani ya hizo hesabu unyevu uliomo tayari kwenye mchanga. Kisima kikiwa cha chumvi, agiza boza.

Na jiandae kwa mazungumzo haya, kwa sababu yatatokea kabla ya adhuhuri.

"Bosi, zege linagoma. Tuongeze ndoo mbili tu liteleze."

"Hapana, fundi."

"Bosi, vijana wamechoka."

"Wapumzike, wanywe soda. Maji hayaongezwi."

Sema hivyo kwa upole, urudie mara kumi ikibidi. Maji ya ziada hukauka na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho, na humo ndimo chumvi ya hewani itakapopita kwa miaka yote ijayo. Zege lililomwagwa kama uji ni rahisi kusawazisha siku hiyo na ni vumbi chini ya viatu vya watoto baada ya misimu michache.

Kesho yake asubuhi fundi aje na grenda, akate viungo kila mita mbili na nusu, kina cha sentimita mbili na nusu. Zege litapasuka tu, hilo ni tabia yake likikauka. Viungo vinaliambia lipasukie wapi. Kisha mwagilia siku 7 mfululizo bila kukosa, 14 ukiweza, ukifunika magunia yaliyolowa ili jua na upepo visilikaushe ghafla. Maji ya kumwagilia nayo yawe baridi na matamu. Mtu aliyenunua boza kwa kuchanganyia, kisha akamwagilia wiki nzima kwa maji ya kisima cha chumvi, amemtoa mwizi mlangoni akamkaribisha dirishani.

Maji yaende

Uso wa uwanja uteremke sentimita 1 kwa kila mita, kutoka ubavu mmoja hadi ubavu wa pili, uso mmoja usiokunjika. Mafundi waliozoea kujenga mabafu watataka maji yaelekee katikati, penye tundu. Mkono wao umezoea hivyo. Wazuie mapema, piga kamba, weka vigingi, hakiki kwa pima maji kabla na wakati wa kumwaga, kwa maana uwanja wenye bonde katikati haurekebishiki kwa plasta. Plasta itabanduka vipande vipande.

Jamvi likishakomaa, lijaze maji kwa mpira wa bustani, ungoje saa moja, upite na sarafu mkononi. Penye maji yanayoifunika sarafu ikilala, hapo pana dimbwi, na hapo fundi arudi kabla hajamaliziwa pesa yake. Usiliche dimbwi dogo kwa sababu ya kuteleza peke yake. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu wake huzaliana katika maji madogo yaliyosimama karibu na nyumba. Wiki moja na ushei inawatosha.

Mvua ya masika ya milimita 50 ikinyesha juu ya mita za mraba 90, inaleta lita 4,500 za maji. Usimpelekee jirani. Yaelekeze kwenye mfereji, mfereji uingie kwenye shimo lililojazwa mawe au, bora zaidi, kwenye tangi la ardhini. Pwani yenye visima vya chumvi, hayo ni maji baridi ya bure, na utayahitaji kuoshea uwanja huohuo.

Chuma mbele ya bahari

Sasa upepo. Hewa ya bahari hubeba chembe za maji ya chumvi, zikatua juu ya kila kitu na kukaa hapo zikivuta unyevu usiku. Bomba jeusi lililopakwa rangi ya kuzuia kutu halishindani na hali hiyo. Rangi huchubuka palipogongwa na mpira, kutu huingia chini yake, na siku moja nguzo inakatika usawa wa sakafu, ikiwa na ubao wote juu. Nguzo ya goli iliyoliwa na kutu ni hatari kwa maisha ya mtoto. Hapa sitanii hata kidogo.

Nguzo ichovywe kwenye zinki ya moto baada ya kuchomelewa. Utaratibu huo usigeuzwe. Ukinunua bomba lenye zinki kisha ukalichomelea, moto unaila zinki palepale penye kiungo, ambapo ndipo penye kuhitaji kinga zaidi, na moshi wake humpa fundi homa. Chomelea, toboa matundu ya kutolea maji chini, funika juu, kisha chovya. Msingi wa nguzo uwe wa kina cha mita 1 na zaidi, upana sentimita 60 kila upande, mkubwa kuliko huo penye mchanga mwepesi, na usiungane na jamvi. Usiizike nguzo ndani ya zege. Zika bolti za msingi, kisha nguzo ikae juu yake kwa bamba, sentimita chache juu ya sakafu, maji yasituame. Ikiharibika baada ya miaka, unafungua nati unaitoa, bila kuvunja uwanja kwa nyundo.

Bolti za ubao na pete ziwe za stenlesi daraja la 316. Ile ya 304 hupata vidoa vya kutu karibu na bahari, kwa kuwa haina molibdenamu ya kupambana na kloridi. Panapokutana stenlesi na zinki weka washa za nailoni, maana metali mbili tofauti zikiguswa na maji ya chumvi, zinki ndiyo inayoliwa. Ubao wa playwudi utavimba masika ya kwanza. Chukua akriliki au polikaboneti. Na ubao utokeze mbele ya nguzo kama mita 1.2, kisha nguzo ivishwe sponji nene, kwa sababu mtoto anayekimbilia goli hatazami mbele, anatazama juu.

Rangi, na majirani

Rangi ni ya mwisho, siku 28 baada ya kumwaga, na iwe akriliki ya viwanja iliyochanganywa na mchanga laini wa silika. Rangi ya mafuta ya madirishani hung'aa vizuri na kumvunja mtu mkono mvua ikinyunya. Chagua rangi nyepesi. Nyeusi itaunguza nyayo za watoto, ambao watacheza pekupeku utake usitake.

Kuhusu mpira kuvuka ukuta, nenda ferry, soko la samaki la Dar es Salaam, au kwa wavuvi wowote, ununue wavu wa nailoni uliochakaa, uutundike nyuma ya goli. Ni imara, hauozi kwa chumvi, upepo unapita. Kuhusu kelele, mwendee jirani kabla ya kujenga, umwambie saa za kucheza, na adhana ya magharibi ikilia mpira ushikwe mkononi. Mwalike na wanawe. Viwanja vya umma vya kikapu ni vichache mno kwa mji huu, na kijana wa mtaani anayegonga geti akiomba kurusha mara mbili tatu hajakukosea lolote.

Utakuwa na wageni wengine pia. Sakafu pana, safi, yenye jua, pwani? Wiki ya kwanza kutakuwa na mpunga, ya pili pilipili, na usiposema kitu kutafika dagaa. Mpunga sawa. Dagaa wa chumvi hapana, hata akiwaleta mama mkwe. Mwambie, "Mama, nitakutengenezea kichanja," na umtengenezee kweli. Ukija msiba au arusi, turubai lifungwe kwa mifuko ya mchanga. Kijana wa maturubai akitoa mtaimbo atafute pa kuuchomeka katikati ya mstari wa mtupo huru, msindikize mpaka nje ya geti, yeye na mtaimbo wake.

Kila wiki mbili tatu, hasa wakati wa kusi, osha nguzo, pete, bolti na sakafu kwa yale maji ya tangi. Ukungu wa kijani ukijitokeza upande wa kivuli, sugua kwa brashi ngumu na jiki iliyozimuliwa, kisha suuza sana. Kagua nati na sehemu ya chini ya nguzo kila mwaka baada ya masika.

Basi panga kazi yako hivi: Aprili na Mei, wakati mvua inanyesha, tazama maji yanaelekea wapi uani na uchore, Juni chimba na umwage jamvi, hewa ikiwa na ubaridi na zege halikauki kwa pupa, rangi ipigwe Julai. Na kama pesa ya mifuko sabini haijatimia, ngoja Juni nyingine. Usimwage kwa mifuko arobaini.